Kazi Ikikwisha, Baba Anabaki Nani?

Kuna neno moja ambalo hapa kwetu Lubumbashi watu wanalisema kwa sauti ya chini. Wanalisema pembeni ya kilio, wakati wamama wanasonga bukari na wababa wamekaa kwenye viti vya kuazima. Mtu anauliza: marehemu alikufa na nini? Jibu linakuja upesi: ni kifo cha gafula. Au: ni malaria. Au: walimuroga. Yule aliyeuliza anaelewa, anatazama chini, anaongea juu ya mambo mengine. Neno lenyewe halikutamkwa. Neno hilo ni kujiua.

Wapenzi wasomaji, mwezi huu tunataka kulitamka waziwazi, maana jambo lililofichwa halitunzwi. Swali letu si kuuliza kwa nini mtu fulani alijiua. Swali hilo ni la Mungu na la wale waliomjua. Tunauliza hivi: kwa nini katika nchi fulani, au katika jimbo fulani, au katika miaka fulani, wanaojiua wanakuwa wengi, na pengine wanakuwa wachache? Je, ni umaskini? Wengi wetu tutajibu mara moja: ndiyo, ni umaskini. Lakini kama ni umaskini tu, sisi watu wa Katanga tungekuwa tumekwisha wote tangu zamani!

HESABU ZA DUNIA

Shirika la Afya Duniani, lile tunaita OMS, linahesabu kwamba mwaka wa 2021 watu karibu 727.000 walijiua ulimwenguni. Katika watu 100 waliokufa hivyo, 73 walikuwa katika inchi zisizokuwa na mali nyingi. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29, kujiua ni sababu ya tatu ya kifo. Wanaume wanakufa hivyo kupita wanawake, zaidi ya mara mbili. Tena kwa kila mmoja anayekufa, kuna wengine zaidi ya 20 waliojaribu na hawakufa.

Hesabu hizi zinatoka wapi? Ulaya kila kifo kinaandikwa na munganga na kinaingia katika kitabu cha serikali. Katika inchi nyingi za Afrika sivyo. Wengi wanazikwa pasipo karatasi yoyote inayosema sababu, na familia yenyewe inachagua neno la kusema. Kwa hiyo hesabu ya Afrika ni hesabu ya kukadiria, na kilio chenye siri kinaifanya ipungue.

Siri hiyo iliwadanganya hata wenye elimu. Mwaka wa 1953 OMS ilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkubwa wa hospitali ya Mathari huko Nairobi. Alifundisha kwamba ugonjwa wa huzuni kubwa ni kitu cha nadra kwa Mwafrika. Hiyo ilikuwa sawa na kusema kwamba Mwafrika hana moyo wa kuvunjika! Lakini mwaka wa 1960 Paul Bohannan alitoa kitabu kilichokusanya uchunguzi uliofanywa Uganda, Kenya na Nigeria: kwa Wasoga, Wagisu, Wanyoro, Waluyia, Wajaluo, na Waalur, ambao ndugu zao wako huku Kongo upande wa Mahagi. Wachunguzi walisoma karatasi za polisi na za tribunali, wakakuta watu waliojiua kila mahali. Wakakuta pia kwamba kabila na kabila hazikuwa sawa. Wagisu, waliochunguzwa na Jean La Fontaine, walikuwa na wengi. Basi si damu ya mtu mweusi wala ya mzungu inayoamua jambo hili. Ni namna watu wanavyoishi pamoja.

MFARANSA ALIYEHESABU

Aliyeonyesha hivyo kwa hesabu ndefu alikuwa Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka wa 1897. Alipanga majimbo ya Ulaya moja kando ya lingine na kuuliza swali lile letu. Jibu lake lilishangaza watu. Aliona kwamba wakulima wa Ireland, ambao walikuwa wanaishi katika taabu kubwa, walikuwa wanajiua kidogo sana. Calabria, jimbo maskini la Italia, ilikuwa karibu haina hata mmoja. Kumbe, mtu aliyezaliwa maskini katikati ya maskini wenzake, mwenye jamaa na kijiji na kazi ya mikono yake, anaweza kuteseka maisha yote na asifikiri kujiondoa.

Lakini Durkheim aliona kwamba mali inapoanguka gafula, kama huko Vienna mwaka wa 1873 wakati soko la feza lilipoanguka, wanaojiua wanaongezeka. Tena, na hapa njo pa ajabu, wanaongezeka hata wakati mali inapopanda gafula. Kwa sababu gani? Kwa sababu katika mambo yote mawili mtu anapoteza kipimo. Hajui tena yeye ni nani, anastahili kutumaini nini, na nani anamtegemea. Durkheim alisema pia kwamba anayefungwa na wengine kwa kamba nyingi, yaani ndoa, watoto, jamaa, dini, anapona zaidi kuliko aliye peke yake.

Kwa haki ni lazima niandike neno lingine aliloona, hata kama linaumiza kalamu ya mchungaji wa Kiprotestanti: katika majimbo ya Ulaya ya wakati ule, Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki. Alieleza kwamba Mprotestanti aliachwa peke yake mbele ya kitabu chake na mawazo yake, na kanisa halikumshika sana mkono. Wataalamu wengine wamebishana naye juu ya hesabu hiyo. Mimi naona tusikimbie kubishana. Tuulize kwanza kama katika parokia zetu mtu anaweza kukosa ibada ya Jumapili tatu na pasipokuwa hata shemasi mmoja wa kupiga hodi kwake.

"NJO BABA, NJO MAMA"

Sasa turudi kwetu. Hakuna mahali ambapo mafundisho haya yanaeleweka vizuri kama katika inchi ya shaba.

Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906. Mji wetu ulianza 1910, na tanuru la Lubumbashi likatoa shaba ya kwanza 1911. Mwanzoni wafanyakazi walikuja kwa mkataba wa miezi michache, wakafa wengi kwa magonjwa, wakakimbia wengi. Kisha, kutoka miaka ya 1926 na kuendelea, kompania ilibadili shauri: ilitaka mtu akae na bibi yake na watoto. Ikajenga kambi, ikatoa mposho kila juma, ikafungua hospitali, masomo, nyumba ya kujifungulia, vyama vya kushona kwa wamama, timu za mpira. Mfanyakazi hakuuliza unga utatoka wapi. Mtoto alizaliwa mikononi mwa kompania, akasoma kwake, akaingia kazini mahali pa baba yake. Njo maana wazee walikuwa wanasema kwamba kompania njo baba, njo mama.

Tusisahau kwamba baba huyo alikuwa mkali. Wakati wa shida ya dunia, katika miaka ya 1931 na 1932, aliwafukuza maelfu warudi vijijini. Mwaka wa 1941, mwezi wa 12, wafanyakazi waliogoma kuomba mshahara walipigwa risasi hapa mjini. Lakini alikuwa baba. Hata serikali ilipoichukua kompania mwaka wa 1967 na baadaye jina likawa Gécamines, mambo ya kambi yaliendelea vilevile. Aliyekuwa anafanya kazi huko alikuwa na jina. Wakwe walimpa binti yao mbio. Katika duka alipewa vitu kwa deni kwa sababu ya kipande chake cha kazi tu.

Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476.000 za shaba. Mwezi wa 9 wa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka wa 1991 uporaji ukaharibu maduka na vyombo vya kazi. Mwaka wa 1992 na 1993, kule Likasi na Kolwezi, jirani akamfukuza jirani, na mafamilia yakalala kwenye vituo vya treni. Ilipofika 1994 shaba ilikuwa chini ya tani 40.000. Kazi ilikuwa ingali inaitwa kazi, lakini mshahara ulikuwa haufiki. Mwezi ulipita, miwili, mwaka mzima, na zaidi. Mposho ukapungua, kisha ukakatika. Baba alivaa nguo zake za kazi asubuhi, akaenda, akarudi mikono mitupu, kesho yake akavaa tena. Tumewaona. Kambi za Kipushi, Shituru, Panda, Musonoi, Luilu, zote zilikuwa na wababa wa namna hiyo, na watu wa reli hawakuwa na hali bora.

Kati ya 2003 na 2004, kwa feza za Benki ya Dunia, kulifanyika ule mpango wa kuondoka kwa mapenzi. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka. Watu wa kambi wamekuwa wakiuliza tangu siku hizo: mapenzi ya nani? Mtu ana miezi mingi bila malipo, watoto wamefukuzwa masomoni, unamwonyesha dola na karatasi ya kutia sahihi. Atakataa? Wengine walikuwa na miaka 25 au 30 ya kazi. Feza ile ililipa madeni, ikalipa masomo na hospitali, ikanunua gari la zamani la taxi lililokufa nyuma ya miezi michache, au gunia chache za mahindi. Wengi wao walipeleka malalamiko yao mpaka kwa wakaguzi wa Benki ya Dunia mwaka wa 2009.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya hapa Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizi, kilichotoka 2001. Jina lake kwa Swahili yetu ni sawa na kusema: Bana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linasema mambo mawili pamoja. Kompania iliwaacha wafanyakazi, na ndani ya nyumba mfanyakazi naye akapoteza kiti chake. Mbele ya hapo, baba ndiye aliyeleta mposho. Sasa mama aliinuka saa kumi ya usiku, akaenda kununua unga, akauza vikombe kwa vikombe pale mbele ya lupango, akauza makala, mikate, samaki. Mama njo alilisha nyumba. Watoto wakaanza kuomba feza ya daftari kwa mama. Binti akileta posa, wanaita mjomba mwenye duka, maana baba atasema nini?

Tunawasifu wamama, na kwa haki. Lakini ni nani aliyekaa na huyo baba? Alifundishwa tangu utoto kwamba mwanaume ni kazi. Hakufundishwa kitu kingine. Kazi ikikwisha, anabaki nani? Njaa ya nyumba ilipunguzwa na mikono ya bibi yake, lakini kila sahani ya bukari ilimkumbusha kwamba haikutoka kwake. Wengine walijitupa katika lutuku. Wengine walihama nyumba. Wengine walinyamaza. Na wale walionyamaza, mara nyingine, tuliitwa asubuhi kwenda kuwaombea, na familia ikasema ni kifo cha gafula.

Mnamjua Ahithofeli, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 17. Alikuwa mshauri wa mfalme. Neno lake lilipokelewa kama neno lililotoka kwa Mungu. Siku moja shauri lake lilikataliwa na la mtu mwingine likafuatwa. Akatandika punda wake, akarudi mjini kwake, akapanga mambo ya nyumba yake vizuri, kisha akajiua. Angalieni: mtu huyu alikuwa na punda, alikuwa na nyumba, alikuwa na vitu vya kupanga. Hakukosa chakula. Alikosa mahali pake.

INCHI NYINGINE ZA MIGODI NA ZA KUANGUKA

Tukitazama kusini tunaona Lesotho, inchi ndogo ya milima. Kwa miaka mingi wanaume wa huko walikwenda kuchimba zahabu katika Afrika ya Kusini. Karibu na mwaka wa 1990 walikuwa zaidi ya 120.000. Kisha migodi ikaanza kuwafukuza, na wakarudi katika vijiji ambavyo havikuwa na kazi. Kwa hesabu ya OMS ya mwaka wa 2019, Lesotho ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kwa kujiua: zaidi ya watu 70 katika kila 100.000, wakati dunia nzima ilikuwa karibu 9. Hatusemi kwamba migodi peke yake imeleta hayo. Kuna SIDA iliyomaliza mafamilia, kuna pombe, kuna ukosefu wa waganga. Lakini mtu wa Kipushi hahitaji kuelezwa sana namna kijiji kilichotuma wanaume wake shimoni kinavyokuwa siku shimo linapofungwa.

Warusi nao. Miaka ileile ambayo sisi tulikuwa katika uporaji, inchi yao kubwa ilivunjika, mafabriki yakafungwa, na mishahara ikakaa miezi pasipo kulipwa. Maisha ya wanaume, ambayo mwaka wa 1990 yalikuwa miaka 64 kwa kukadiria, yakashuka mpaka karibu 58 mwaka wa 1994. Pombe na kujiua vilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Lakini Swedi inatuambia kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasio na kazi huko waliongezeka upesi, kupita mara mbili, na bado wanaojiua walizidi kupungua. David Stuckler na wenzake walichunguza inchi 26 za Ulaya na kutoa majibu mwaka wa 2009: kwa kawaida, kila mara ukosefu wa kazi unapopanda kwa 1%, kujiua kwa watu wasiofikisha miaka 65 kunapanda kwa karibu 0,8%. Lakini pale serikali inapomshika mkono aliyepoteza kazi, ikamfundisha kazi nyingine, ikamtafutia mahali upesi, kamba hiyo inalegea. Kazi ilikwisha, lakini mtu hakuachwa.

Na tusiseme kwamba hayo ni ya matajiri tu. Indonesia si inchi tajiri. Serikali yake iligawa feza kidogo kwa mafamilia maskini, wilaya kwa wilaya. Wachunguzi waliolinganisha wilaya zilizopata na zile ambazo zilikuwa bado, wakatoa majibu yao mwaka wa 2019: pale feza ilipofika, kujiua kulipungua kwa karibu 18%. Basi umaskini nao una sehemu yake. Durkheim hakuona yote.

VIJANA WA SHIMO

Wengine watasema: Muchungaji, mambo ya Gécamines ni ya zamani, leo shaba imepanda. Ni kweli. Leo Kongo ni ya pili ulimwenguni kwa kutoa shaba, na mwaka wa 2024 ilitoa zaidi ya tani milioni 3, hesabu ambayo Union Minière haikuota hata kidogo. Malori yanajaa njia ya Kasumbalesa mchana na usiku. Lakini migodi ya leo ni mashine nyingi na watu wachache, na hakuna tena kompania inayotaka kuwa baba wa mtu yeyote.

Kijana wa leo anashuka shimoni kwa mikono yake. Hana mkubwa, hana mposho, hana kipande. Kuna juma analopata dola nyingi kuliko mshahara wa mwalimu wa mwezi. Ananunua simu, anawapa marafiki kunywa, anaoa. Juma linalofuata shimo limejaa maji, au polisi wamefunga mahali, au bei imeanguka. Mwanzoni mwa 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90.000, katikati ya 2019 ilikuwa chini ya 30.000. Mwezi wa 2 wa 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje. Kijana wa Kolwezi hakuulizwa. Yeye alikuwa amekopa.

Juu ya mkopo niseme wazi. Ile inaitwa Banki Lambert, unakopa 100, mwezi unaofuata unarudisha 150, mara nyingine 200, na karatasi za nyumba au simu au mashine ya kushona ya mama ziko mikononi mwa mkopeshaji. Mimi nasema ni zambi, na ninajua kwamba wakopeshaji wengine wanakaa kwenye viti vya mbele kanisani. Mtu mwenye deni la namna hiyo haogopi njaa, anaogopa haya. Anaogopa siku watakapokuja kusimama mbele ya lupango na kupiga kelele majirani wasikie. Wazazi wanaona kijana amenyamaza, wanafikiri ametulia.

Durkheim alikuwa amesema mali ya gafula inafungua shimo lilelile. Nilipomsoma nilifikiri hao vijana.

YALE YANAYOOKOA

Sri Lanka ilikuwa na hesabu mbaya sana, na watu wengi walikufa kwa dawa za shamba zilizokuwa katika kila nyumba. Kutoka 1995 serikali ilianza kukataza zile kali zaidi, moja kwa moja. Nyuma ya miaka 20 wanaojiua walikuwa wamepungua kwa karibu 70%. Watu hawakupata utajiri kwa gafula, wala mashamba hayakufa. Hilo linatufundisha kwamba saa ya kukata tamaa ni fupi. Inapita kama wimbi. Mtu akikosa kitu cha kumwua katika saa ile, mara nyingi anaishi, na wengi wanaopona hawafi kwa njia hiyo baadaye. Kwa hiyo mama, sumu ya panya na dawa za shamba zisikae chini ya kitanda. Dawa za hospitali zilizobaki zisikae wazi. Na kama kuna mtu nyumbani ambaye moyo wako una hofu juu yake, usimwache peke yake usiku ule, hata kama ni kukaa tu pasipo maneno.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 kuna mtu aliyetaka kujiua kwa sababu ya kazi yake. Ni yule mlinzi wa gereza la Filipi. Aliona milango wazi, akafikiri wafungwa wamekimbia, akajua kesho wakubwa wake watamfanya nini. Paulo alipaza sauti akamwambia asijitendee mabaya, kwamba wao wote wangali pale. Hakuanza na mahubiri. Mahubiri yalikuja baadaye, mlinzi mwenyewe alipouliza. Na Eliya, alipolala chini ya mti na kuomba afe, malaika hakumgombeza kwamba nabii hasemi hivyo. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena.

Lakini sisi tunafanya nini? Kuna makanisa yanayokataa kumzika aliyejiua. Jeneza linapita mbele ya mlango, kengele haipigwi, mchungaji haonekani. Wanafikiri wanawaogopesha wengine. Wanachofundisha ni kusema uongo: kesho familia nyingine itasema malaria, na yule ambaye ana mawazo hayo moyoni hatamwambia mchungaji kamwe. Serikali nyingine zilitumia gereza kwa ajili hiyo. Kenya ilikuwa na sheria, kifungu cha 226, iliyomwadhibu mtu aliyejaribu kujiua. Mwezi wa 1 wa 2025 tribunali kubwa ya Nairobi ilisema sheria hiyo inapingana na katiba. Mtu ametolewa mautini, unamfunga pingu? Biblia yenyewe inaandika kwamba Ahithofeli alizikwa katika kaburi la baba yake. Hakuna neno lolote pale la kumtupa inje.

Wengine wanaogopa kuuliza. Wanasema: nikimwuliza kama anafikiri kujiua, nitamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. OMS inafundisha kwamba kuuliza kwa upole hakuleti wazo hilo; kunampa mtu nafasi ya kutua mzigo. Mwulize kwa Swahili ya kawaida, mkiwa wawili, si mbele ya watoto. Angalia yule anayegawa vitu vyake pasipo sababu, anayeaga watu kama anayesafiri, anayesema kwamba nyumba itakuwa na nafuu pasipo yeye, anayeacha kula na kulala, ambaye jana alikuwa katika huzuni nzito na leo ametulia kwa namna isiyoeleweka. Kama anajibu ndiyo, usimwahidi kuficha siri. Tafuta mtu wa pili, yaya wake, mjomba, shemasi, na mmpeleke kwa munganga.

Hapa Lubumbashi kuna Centre Neuropsychiatrique Dr Joseph Guislain, ya Mabruda wa Charité. Bukavu wako na Sosame, Goma na Tulizo Letu. Najua wengi wetu tunasema ni mahali pa wendawazimu. Mahali pale pia panapokea mtu ambaye halali, anayelia pasipo sababu, ambaye kichwa chake kimejaa. Huzuni kubwa ina dawa, na munganga anaijua. Maombi na dawa havigombani. Luka mwenyewe alikuwa munganga.

Na kwa wababa waliopoteza kazi, katika parokia moja ya upande wa Katuba walianzisha jambo dogo ambalo naliona zuri kupita semina nyingi. Kila Jumamosi asubuhi wababa wasio na kazi wanakutana kutengeneza viti vya kanisa, paa, choo cha masomo, na nyumba ya mjane mmoja kwa zamu. Hawalipwi. Wamama wanaleta chai na mikate. Kila baba anaweka kidogo katika likelemba, hata kama ni franga chache za kuuza mboga, na asiye na kitu anaweka siku moja ya mikono yake. Orodha ya majina inasomwa mbele ya kazi. Asiyeitika wiki mbili, wawili wanakwenda kwake jioni ileile, si Jumapili.